Anayejifunza kufungua kadena si mwizi: acheni vijana wanunue vyuma vizuri

LUBUMBASHI. Kuna neno linalozunguka katika avenue zetu, kutoka Katuba hadi Kampemba: kijana akikutwa na vyuma vyembamba vya kufungulia kufuli, hakuna haja ya kumuuliza kitu. Ni mwizi. Wengine wanaongeza kwamba serikali ingevipiga marufuku vyuma hivyo visipite kabisa Kasumbalesa. Ninaandika leo kupinga neno hilo. Linaweza kumuua mtoto wa mtu, na halitamzuia hata mwizi mmoja.

Tuanze na jambo lenyewe, maana wengi hawalijui. Huko Ulaya na Marekani kuna watu ambao mchezo wao wa jioni ni kufungua kufuli bila ufunguo. Wananunua kufuli kwa pesa zao, wanaibana mezani, wanaichokonoa hadi ifunguke, kisha wanaifunga na kuanza tena. Ujerumani wana chama tangu 1997, kilichoanzia Hamburg. Uholanzi kuna chama kinaitwa Toool, na wanafanya mashindano ya wazi, mbele ya watu. Vijana wetu wameviona hivyo kwenye simu zao kama walivyoona mpira na muziki. Sasa wanataka kujaribu, na swali lao la kwanza ni: ninunue vyuma gani?

Swali hilo ni la halali na linastahili jibu. Wakubwa wanalijibu kwa kelele.

Mwizi wetu hana muda

Wakaaji wa mji huu wanajua jinsi wizi unavyofanyika. Watu wanakuja saa nane usiku wakiwa kundi. Wana nondo, wana nyundo, mara nyingine wana silaha. Wanang'oa bawaba, wanavunja fremu ya mlango, wanatoboa ukuta wa matofali mabichi. Kadena wanaikata au wanaipiga nyundo mbili tatu. Au mlango haukuvunjwa kabisa, kwa sababu ufunguo ulichongwa na mtu aliyekula na kulala ndani ya nyumba ile ile. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Nani kati yao ataketi mbele ya mlango wako akiinua pini moja baada ya nyingine, huku mbwa wa jirani anabweka? Kufungua kufuli kwa vyuma vyembamba ni kazi ya utulivu, ya kushindwa mara hamsini kabla ya kufaulu mara moja. Anayeifanya anahitaji mwanga, meza na subira. Mwizi hana hata kimoja.

Hofu hii haikuanza kwetu. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makubwa ya London, Mmarekani mmoja, Alfred Charles Hobbs, alifungua kufuli ya kampuni ya Chubb kwa dakika 25 hivi. Kisha akaifungua ile ya Bramah, iliyokuwa imewekwa dirishani mwa duka kwa miaka mingi na zawadi ya pauni 200 na zaidi kwa atakayeiweza. Ilimchukua saa 51, zilizogawanywa katika siku 16. Watu wakapiga kelele kwamba anawafundisha wezi. Mwaka 1853 kilitoka London kitabu cha kufuli cha Charles Tomlinson kilichojibu kelele hizo: wezi wanaijua kazi yao tayari, na anayebaki gizani ni mnunuzi. Baada ya hapo watengenezaji walilazimika kuboresha kufuli zao. Aibu ile ya dirishani iliwafaa wateja kuliko miaka yote ya kuamini maneno ya muuzaji.

Kadena zetu ni mapambo

Ndiyo maana nasema hasara yetu kubwa ni ujinga wetu juu ya kadena tunazonunua.

Kadena ya kawaida ina silinda ndogo inayozunguka. Juu ya silinda kuna matundu manne au matano, na ndani ya kila tundu kuna pini iliyokatwa vipande viwili, ikisukumwa na springi. Meno ya ufunguo yanainua kila pini kwa kimo chake, mikato yote inakaa kwenye mstari mmoja, silinda inazunguka, kadena inafunguka. Ni kazi ya Linus Yale mdogo, Mmarekani, aliyepata hati ya uvumbuzi mwaka 1861. Tangu wakati huo umbo lake halijabadilika sana.

Anayefungua bila ufunguo anafanya kazi ya ufunguo kwa mikono miwili. Mkono mmoja unakaza silinda kidogo sana, mwingine unainua pini moja moja. Kinachomsaidia ni kwamba hakuna kiwanda kinachotoboa matundu yote sawasawa kabisa: pini moja hubana kabla ya nyingine, na kidole kinasikia. Kadena mbaya ina matundu yaliyolegea, kwa hiyo inafunguka haraka. Kadena nzuri imetobolewa kwa usahihi, na ndani yake kuna pini zenye kiuno kama cha nyigu, zinazomdanganya anayezichokonoa. Kwa maneno mengine, kijana mwenye vyuma vyake anapima ubora wa kadena kwa vidole. Ni kipimo ambacho hakuna ofisi inayotufanyia.

Na angalieni tunachouziwa. Jimbo letu liliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Shaba inatoka hapa, zinki inachimbwa Kipushi, hapo karibu tu. Ukichanganya shaba na zinki unapata shaba ya manjano, ile inayotengeneza mwili wa kadena nzuri na pini zake. Tunavipeleka vyote ng'ambo, kisha tunarudishiwa kadena ya chuma laini iliyopakwa rangi ya manjano, yenye maneno makubwa ya Kiingereza yanayosifu usalama wake. Tunainunua kwa sababu inang'aa. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Hapa imevunja hata mlango.

Fanya majaribio mawili sokoni, iwe Soko la Mzee au Soko la Kenya. La kwanza: nenda na sumaku ndogo, hata ile iliyotoka kwenye spika ya redio iliyokufa. Ikishika mwili wa kadena inayouzwa kama shaba ya manjano, ujue unauziwa rangi. Chuma chenyewe si kibaya, zipo kadena imara za chuma. Ubaya ni kulipa bei ya shaba ukapewa kisichokuwa shaba. La pili: mwombe muuzaji akutolee kadena sita za aina moja, kisha jaribu ufunguo wa moja katika nyingine tano. Viwanda vya kadena za bei ya chini hutumia michongo michache ya ufunguo. Ufunguo mmoja ukifungua kadena mbili, basi yupo jirani mahali fulani mwenye ufunguo wa nyumba yako, na hata yeye hajui.

Muuzaji akikukataza kujaribu, rudisha kadena yake na uende zako.

Kama unanunua vyuma, nunua hivi

Sasa niwageukie vijana, maana nao wanadanganywa. Kwenye simu zao wanaonyeshwa seti ya vyuma 30, 40 au zaidi, ndani ya pochi nyeusi, pamoja na kufuli ya plastiki inayoonyesha ndani, na ahadi ya kufungua mlango wowote kwa sekunde chache. Anayeuza kwa ahadi hiyo anauza ndoto ya mwizi, na vyuma vyake havifai hata kwa mwizi. Vimekatwa kwa mashine bila kusuguliwa, kingo zake zinakwaruza pini, vinapinda siku ya pili, na nusu yake hutavigusa kamwe.

Seti nzuri ya anayeanza ni ndogo. Unahitaji ndoano fupi moja, ndoano ndefu kidogo kwa pini zilizojificha nyuma ya nyingine, chuma kimoja chenye ncha ya nusu almasi, na kimoja chenye mawimbi cha kusugulia pini. Pamoja navyo, vikazio vitatu hivi vya unene tofauti. Vyuma saba vinatosha mwaka mzima. Wazoefu wengi wanafanya karibu kazi yao yote kwa ndoano mbili tu.

Usidharau kikazio, kile chuma cha kukazia silinda. Wanaoanza wanaitazama ndoano peke yake na kusahau kwamba mkono unaokaza ndio unaosikia. Kikazio kikilegea ndani ya tundu la ufunguo, kikiteleza au kikijikunja, hutajua kama pini imekaa au haijakaa. Tafuta seti yenye vikazio bapa vinavyobana juu ya tundu na vingine vinavyobana chini.

Kisha uliza unene. Muuzaji wa kweli anautaja kwa namba. Kwa kufuli nyingi, vyuma vya milimita 0.6 hivi vinafaa: ni imara, havipindi ovyo. Kwa kufuli za Ulaya zenye tundu jembamba lililopindapinda, tafuta milimita 0.4 au 0.5. Asiyetaja unene wala aina ya chuma hajui anachouza, au anajua vizuri na anakuficha. Uliza pia kama anauza kimoja kimoja. Chuma hiki huvunjika, ni kawaida yake. Ukilazimika kununua seti nzima upya kwa sababu ya ndoano moja, umefungwa wewe. Makampuni kama Multipick ya Ujerumani, Sparrows ya Kanada na Peterson ya Marekani yanauza kimoja kimoja na kutaja unene. Siwatangazi, nawapa mfano wa jinsi muuzaji anavyopaswa kujieleza.

Angalia na mshiko. Ukishika chuma nusu saa, kidole kinauma; mshiko mpana, uliolainishwa, unakusaidia kuendelea. Angalia ncha na kingo: ziwe laini kama kijiko. Ukipitisha kidole na kikakwaruzwa, pini nazo zitakwaruzwa hivyo hivyo.

Bei? Seti ndogo ya heshima kwa kawaida iko kati ya dola 30 na 50 kabla ya usafiri. Kwa kijana wa Kamalondo hizo ni pesa nyingi, na posta haitakuletea mlangoni. Wengi wanaagiza kupitia ndugu aliye Ubelgiji au mfanyabiashara anayekwenda Dubai. Mwambie wazi unachoagiza. Usimbebeshe mzigo asioujua akaulizwa kwenye duane akakosa jibu.

Na asiye na dola 50? Hapo ndipo mji wetu wa mafundi una nguvu kuliko duka lolote. Blade ya msumeno wa chuma ina unene wa karibu milimita 0.6, kipimo kile kile. Fundi mwenye jiwe la kunolea na tupa anaweza kuchonga ndoano kwa mchana mmoja, mradi aichovye kwenye maji kila inapopata joto. Chuma kikigeuka rangi ya buluu kimepoteza ugumu wake. Ule utepe wa chuma ndani ya waipa ya gari kuukuu, ukikunjwa vizuri, ni kikazio kizuri kuliko vingi vinavyouzwa. Chuma ulichokichonga na kukisugua wewe mwenyewe ni bora kuliko seti ya vipande 40 iliyokuja na pochi.

Kuna vitu viwili vya kuacha dukani. Cha kwanza ni ile bastola ya kupiga pini. Haifundishi kitu, na ukikutwa nayo maelezo yako yatakuwa magumu. Cha pili ni kuitegemea kufuli ya plastiki. Itazame mara moja ujue pini zinavyocheza, kisha iweke pembeni, maana matundu yake yamelegea na itakudanganya kwamba umeshajua. Nunua kadena halisi, dhaifu kwanza, ngumu baadaye, na andika kwenye daftari ipi ilifunguka kwa muda gani. Daftari hilo ni hazina kwa avenue yako yote.

Masharti mawili, bila mjadala

Vyama vya huko nje vina masharti mawili, na anayeyavunja hutengwa. La kwanza: usiguse kufuli isiyo yako, isipokuwa mwenyewe amekuruhusu. La pili: usichokonoe kufuli inayotumika, hata kama ni yako, kwa sababu inaweza kuharibika ndani na usiku ukalala mlango wazi.

Kwetu hapa ninaongeza la tatu. Vyuma vyako vikae nyumbani. Usitembee navyo barabarani, na usiku usivibebe kabisa. Kanuni ya makosa ya jinai ya nchi yetu, kifungu cha 81, inaruhusu kifungo cha hadi miaka 10 kwa wizi uliofanywa kwa kuvunja, kwa kupanda ukuta au kwa funguo bandia. Kinachoadhibiwa hapo ni wizi, si maarifa. Lakini mbele ya kundi lenye hasira, au mbele ya askari aliyechoka saa sita usiku, hutapata nafasi ya kulieleza hilo. Mjulishe mzazi wako. Mjulishe shefu wa avenue. Fanya mchezo wako mchana, barazani, watu wakiona. Anayeficha ndiye anayetiliwa shaka.

Wazazi, mashefu, na ninyi wenye kelele

Nawajua watakaonijibu: mwandishi huyu haibiwi, ndiyo maana anasema hivi. Nawauliza swali moja. Kila mara kundi linapomkamata kijana usiku na kumvika tairi, wizi umepungua katika mtaa gani? Nionyesheni avenue moja inayolala milango wazi kwa sababu iliwahi kumchoma mtu. Tunajua wote kwamba wengine waliochomwa hawakuwa wezi. Sasa mnataka kuongeza ushahidi mpya wa kumchomea mtu: vyuma saba ndani ya mfuko wa kitambaa.

Fikirini upande wa pili. Ukipoteza ufunguo leo, unamwita nani? Fundi anakuja na mashine ya kukatia, anakata kadena au anaharibu mlango, unamlipa, kisha unakwenda kununua kadena nyingine ile ile mbovu. Kijana aliyejifunza vizuri angeifungua bila kuiharibu, akakwambia pia kwamba kadena yako haifai na kwa nini. Hiyo ni kazi, na mji huu una vijana wengi wanaotafuta kazi. Shule zetu za ufundi zinafundisha kulehemu na umeme. Somo la kufuli lingehitaji meza moja, kadena ishirini za kuukuu na mwalimu mmoja mwenye subira.

Na mwizi akijifunza humo? Ataandikwa jina, mwalimu atamjua, wenzake watamjua. Wahenga walisema mchawi mpe mtoto amlee. Sina haja ya kwenda mbali hivyo, lakini ninaona afadhali ujuzi unaofundishwa barazani kuliko ule unaotafutwa kwenye simu chini ya blanketi.

Kwa hiyo, mzazi, ukivikuta vyuma hivyo chini ya kitanda cha mwanao, usipige kelele hadi avenue ikasikia. Mwambie akae chini, mpe kadena ya mlango wako wa jikoni mchana kweupe, ukiwa umekaa naye, na saa mkononi. Kadena hiyo ikifunguka kabla chai yako haijapoa, itoe mlangoni siku hiyo hiyo. Kisha muende sokoni wawili, mmebeba sumaku.